Najisi Haiondoi Rehema

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema. Na Rehema na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baad. Katika darasa yetu ya baada ya Isha huletwa maswali mengi, na mengi yao ni ya mirathi, ya talaka na ya riba. Lakini liko moja lililotoka Voi ambalo baadhi ya wenzetu walilicheka liliposomwa. Na kicheko kile ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Muulizaji anasema hivi:

"Mimi ni mfugaji wa mbuzi upande wa Sagalla. Mbwa wangu amenilindia zizi kwa miaka sita. Alinaswa na waya mwituni, mguu ukaoza, na daktari wa mifugo akaukata. Nimemuuguza mpaka akapona. Tangu siku hiyo wako ndugu wasiotaka kusimama kando yangu katika safu ya Sala, na wengine wasema nimefuja mali ya Mungu juu ya najisi. Je, nimekosa? Na kama nimekosa, kafara yake ni nini?"

Ndugu zangu, muulizaji huyu namjua. Wala si kumjua tu. Mimi nilikuwa katika watu wa kwanza waliomlaumu. Kwa hivyo makala haya ni jawabu yake, na tena ni toba yangu.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, ambao nyumba zao zimepakana ukuta kwa ukuta, huenda wasiyajue maisha ya Voi vizuri. Mji ule u njia panda: barabara kuu na reli za kutoka Mombasa kwenda Nairobi zapita hapo, na hapo ndipo ichepukapo barabara ya Mwatate na Taveta. Lakini ukishaivuka nyumba ya mwisho, mbele yako ni Tsavo, mbuga iliyotengwa na serikali tangu mwaka 1948. Fisi na chui hawakusomeshwa mpaka wa mbuga ni upi. Mtu afugaye mbuzi mahali kama pale bila ya mbwa ni sawasawa na mwenye duka alalaye na mlango wazi.

Mbwa wa ndugu yetu alikuwa mkubwa sana, mgongo wake ukimfika mtu pajani. Usiku mmoja alifuata mnyama mwituni asirudi. Siku ya nne akaonekana anajikokota, na waya wa mtego umemzama katika mguu wa mbele wa kushoto mpaka mfupani. Daktari alipomtazama alisema mguu ule umekwisha kufa: ama ukatwe, ama mbwa adungwe sindano afe. Majirani wakaleta shauri la tatu, nalo ni kumpeleka porini akaachwe huko. Ndugu yetu akauza mbuzi wawili, akamlipa daktari, na mguu ukakatwa.

Ikasadifu siku zile mimi nimekwenda Voi kwa tanzia. Nilipoisikia habari hii nilimwita kando, nikamwambia kwa sauti ya mtu ajionaye kuwa ana elimu, "Ndugu yangu, fedha hizi lau ungaliwapa mayatima zisingalikuwa bora kwako?" Akainama kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Maalim, niwie radhi. Mimi nimeuza mbuzi wawili na mayatima sikuwapa, ni kweli. Na wewe ambaye hukuuza mbuzi, mwezi huu umewapa mayatima wangapi?"

Sikuwa na jawabu. Nilirudi Mombasa na swali lile limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki kooni. Nikaona afadhali nivifungue vitabu, nitazame ni sharia gani niliyokuwa nikiisemea, au kama nilikuwa nikisemea ada tu na kuivika kilemba cha dini.

Mas-ala ya kwanza ni najisi. Sisi watu wa pwani wengi wetu tu katika madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa mchanga; nayo hadithi ya kuosha chombo alichoramba mbwa ni sahihi, haina shaka. Imamu Malik amesema mbwa aliye hai ni tahara, na wenzetu wa Hanafi wamesema najisi ni mate yake, si manyoya yake. Sikuyataja haya ili tuyaache madhehebu yetu kwa ajili ya wepesi. Nimeyataja ili ijulikane kwamba neno ambalo maimamu wakubwa wamekhitalifiana halifai kuwa sababu ya Mwislamu kumbagua ndugu yake msikitini.

Lakini hebu tukae na madhehebu yetu wenyewe. Ni mtoto gani wa chuoni katika pwani hii asiyekisoma kitabu cha Safinatun Najaa cha Sheikh Salim bin Sumeir? Tulikihifadhi tungali wadogo, tukakiimba kwa sauti moja. Basi rejeeni mlango wa tayamamu. Mtaona kuwa moja katika sababu za kuacha kutawadha na kutayamamu ni kuwa maji yaliyopo yanahitajiwa kwa kiu ya mnyama mwenye heshima. Kisha Sheikh amewataja wasiokuwa na heshima hiyo, nao ni sita. Na mbwa aliyetajwa katika hao ni mbwa mng'ataji peke yake. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mbwa asiyedhuru watu, akiwa na kiu, na wewe una maji ya udhu mmoja tu, maji yale ni yake, na wewe utasali kwa mchanga!

Itazameni hekima hii. Kitabu kilekile kilichotufundisha kuosha mara saba ndicho kilichotufundisha kumwachia mbwa maji yetu ya udhu. Hukumu mbili hizi hazigombani, kwa sababu moja ni ya nguo na chombo, na ya pili ni ya moyo. Sisi tumeishika ya nguo, tukaitupa ya moyo. Tena katika orodha ile ya sita, kabla hajatajwa mbwa mng'ataji, ametajwa mwanadamu mwenye kuacha Sala. Na ayafikiri hayo kila amtupiaye mbwa jiwe hali ya kuwa adhana yamwita na haitikii.

Mas-ala ya pili ni kufuga. Mtume (s.a.w.) amekataza kufuga mbwa bila ya haja, na amesema kwamba mwenye kufanya hivyo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini amewatoa katika makatazo hayo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Na Qur'ani katika Surat al-Maida imetuhalalishia windo la mnyama aliyefunzwa. Na katika Surat al-Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, wala hakuachwa nje ya kisa chao. Basi mbwa wa zizi la Voi yumo katika ruhusa iliyo wazi, na aliyemfuga hakufuata desturi za wageni.

Atasema msemaji, "Je, Mtume hakuamuru mbwa wauawe Madina?" Naam, aliamuru kwa wakati wake, kisha akakataza wasiuawe, isipokuwa namna aliyoibagua. Mwenye kuishika amri ya kwanza na kulificha katazo la pili amewadhulumu wasikilizaji wake.

Mas-ala ya tatu, nayo kwangu ndiyo kiini cha jambo hili, ni haki ya mnyama aliyekutumikia kisha akavunjika. Wanavyuoni wetu wamesema kwamba nafaka ya mnyama ni wajibu juu ya mwenyewe, si hisani. Naye Imamu Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, alipozihesabu haki za wanyama juu ya wanadamu, alitaja kuwa mtu amlishe mnyama wake hata akiwa mzee au mgonjwa ambaye hatarajiwi tena kuleta faida. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, wakati hapana hata chama kimoja cha kuwatetea wanyama katika Ulaya yote.

Sisi husema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Ni kweli kwamba punda hupiga teke. Lakini na tuulize, shukrani yetu sisi kwa punda ni nini? Amebeba mawe ya nyumba zetu Lamu na maji yetu Mombasa, na akichechemea humwacha afe njiani. Na mbwa aliyekesha miaka sita ili wewe ulale, siku anapohitaji wewe ukeshe usiku mmoja kwa ajili yake, ndiyo siku unapokumbuka kuwa ni najisi? Na usiku ule alipombwekea chui, alikuwa tahara?

Mas-ala ya nne: je, kumkata mguu si kuharibu umbo aliloliumba Mungu? La. Kilichokatazwa ni kumkatakata mnyama kwa mchezo au kwa ukatili. Kukata kiungo kilichooza ili mwili uokoke ni matibabu, na amali huangaliwa kwa nia zake. Ama lile shauri la kumwua "apumzike," ndugu zetu walitoe kwa hadhari. Katika Fat-hul Muin, kitabu cha madhehebu yetu, imeandikwa kwamba ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kama makusudio ni kumpumzisha. Wengine katika wanavyuoni wameruhusu iwapo hapana tena tamaa ya kupona na maumivu yamezidi, na khitilafu hii inajulikana. Lakini mbwa huyu tamaa ya kupona ilikuwapo, na daktari aliisema. Na shauri la tatu, la kumwacha porini na kidonda chake, halikuruhusiwa na mtu yeyote.

Mas-ala ya tano ni mali. Israfu ni kutoa fedha mahali pasipo haki, au kupita kiasi. Mtu huanza kwa nafsi yake, mkewe, wanawe na wazazi wake. Nimeuliza nikaambiwa kwamba hapana aliyelala na njaa katika nyumba ile kwa ajili ya mbwa. Na mbuzi wale wawili waliouzwa walikuwa hai kwa sababu ya mbwa huyo. Ikiwa amewalinda arobaini, kwa nini wawili wasimlinde yeye? Lau asingalikuwa na uwezo, Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kadiri ya uwezo wake. Angempa maji, chakula na kivuli, na angeomba msaada, na hilo lingemtosha mbele ya Mola wake.

Lakini nasi tusipinduke upande wa pili. Wako watu siku hizi ambao mbwa wao analala kitandani na kununuliwa nyama ya kopo, na hali mama mzazi hana fedha ya dawa. Hiyo nayo ni dhuluma. Sisi ni umma wa katikati. Wala mwenye kulitaja yatima asilitaje kuwa fimbo ya kumpigia mtu mwenye huruma. Nimewachunguza watu wa hoja hiyo, na mimi wa kwanza wao: wengi hatumkumbuki yatima ila tunapotaka mwenzetu asitoe.

Sasa yafaa niseme machache juu ya uuguzaji wenyewe, kwa faida ya wenye mifugo. Niliporudi Voi baada ya wiki tatu nilimwomba ndugu yetu anieleze, naye akanieleza neno kwa neno. Mguu wa mbwa haukatwi katikati, bali hukatwa juu, begani au pajani, ili kisiki kisigonge chini na kufanya kidonda. Mbwa mkubwa ana mtihani zaidi kuliko mdogo kwa sababu ya uzito wake. Na aliyepoteza mguu wa mbele ana mtihani zaidi, kwani miguu ya mbele huchukua kadiri ya sehemu sita katika kumi za uzito wote. Siku za mwanzo alimpitishia leso kuukuu chini ya kifua, akaishika ncha zake kwa juu, akamsaidia kusimama na kwenda haja. Sakafu ya saruji huteleza, kwa hivyo alitandika magunia. Ili asilambe mshono, alitoboa kitako cha ndoo ya plastiki akamvalisha shingoni. Nyuzi zilitolewa baada ya siku kumi na nne. Dawa ya maumivu alipewa na daktari. Wala mtu asimpe mbwa vidonge vya maumivu vya wanadamu, maana baadhi yake ni sumu kwake. Na aliyepona asinenepeshwe, kwa kuwa miguu mitatu inachukua mzigo wa minne.

Na tahara yake? Alikuwa na nguo maalumu ya kazi hiyo, na glavu za mpira, na ndoo mbili za maji, na kopo la mchanga. Akimaliza huosha mara saba kama alivyoamriwa, akaoga, akavaa kanzu yake, akaenda msikitini. Basi ni nani kati yetu aliyeitumia hukumu ya kuosha mara saba zaidi ya mtu huyu? Sharia haikuweka maji na mchanga ili tumkimbie mnyama. Imeviweka ili tumhudumie, kisha tujisafishe. Lau mbwa hakuruhusiwa kuguswa kabisa, namna ya kujisafisha kwake ingefundishwa kwa nani?

Jambo moja jingine ni chanjo. Kichaa cha mbwa kinaua, na kinga yake ni mbwa kuchanjwa kila mwaka. Kenya ilitangaza mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa maradhi hayo ifikapo 2030. Aliyeng'atwa na aoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni kwa robo saa, kisha aende hospitali bila kungoja. Kumchanja mbwa wako ni haki ya jirani yako.

Na vipi juu ya mtego wenyewe? Uwindaji umepigwa marufuku katika Kenya tangu mwaka 1977, lakini nyaya zingali zikitegwa vichakani na nyama ingali ikiuzwa kwa siri. Mwislamu na ajue kwamba mnyama aliyekutwa amekufa katika waya ni mzoga, haliki. Mwenye kuinunua nyama ile amekusanya mambo matatu: amekula haramu, amevunja sharia ya nchi, na amelipa ujira wa mateso ya siku tatu, ya mnyama aliyekusudiwa na ya asiyekusudiwa.

Voi ndiko Shirika la Sheldrick linakowarejesha mwituni baadhi ya ndovu mayatima waliolelewa Nairobi. Tukisikia habari zao husema "Masha Allah," wala hapana asemaye kuwa maziwa yao ni ufujaji. Kisha twatoka nje, twaona watoto wetu wanamrushia mawe mbwa aliyelala kivulini, na wazee wamekaa barazani wanacheka. Mtoto yule anajifunza nini? Hajifunzi tahara, kwani hakuguswa na mbwa. Anajifunza kwamba uko uhai ambao ni halali kuuumiza, maadamu wakubwa wamekubaliana kuudharau. Leo ni mbwa. Kesho atakuwa mwendawazimu wa mtaani, au mtumishi wa nyumbani, au mtu wa kabila jingine. Walimu wetu na waogope somo hilo, maana halimo katika kitabu chochote cha chuoni, na hata hivyo ndilo lihifadhiwalo upesi.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakiuma kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mwenyezi Mungu akamghufiria. Sahaba wakastaajabu, wakauliza kama katika wanyama nako kuna ujira, naye akawajibu kwamba upo katika kila chenye uhai. Swali la Sahaba lilikuwa la kutaka kujua. Swali letu sisi, "Na najisi je?", mara nyingi ni la kutaka udhuru.

Siku ile ya pili Voi nilikaa nje ya zizi mpaka Magharibi. Mbwa alitoka akiruka kwa miguu mitatu, akazunguka ua mara moja kama askari wa zamu, akalala mbele ya lango. Haendi tena machungani. Kazi yake sasa ni lango tu. Nikamkumbuka Urwa bin Zubair, katika mafakihi saba wa Madina, aliyekatwa mguu safarini Sham na akafiwa na mwanawe katika safari hiyohiyo. Imepokewa kwamba alimshukuru Mola wake kuwa alikuwa na viungo vinne, akachukuliwa kimoja akaachiwa vitatu. Yeye aliijua hesabu hiyo kwa elimu na imani. Mnyama yule hana elimu, lakini hakukaa kuulilia mguu wa nne. Aliinuka na mitatu aliyoachiwa, akarudi kazini.

Basi ewe ndugu yetu wa Voi, jawabu yako ni hii: hukukosa, wala huna kafara. Umetimiza haki iliyokuwa juu yako, na twatumai una thawabu. Osha kama ulivyokuwa ukiosha, na usimame katika safu. Ama wanaojitenga nawe, maadamu nguo yako ni safi hawana hoja. Nafasi wanayoiacha katika safu ni kosa lao, si lako. Na mimi niliyekulaumu kwa jina la mayatima, nakuomba radhi mbele ya wasomaji wote. Swali lako nimeanza kulijibu, na jawabu yake haiandikwi gazetini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na nguo safi na nyoyo laini, wala asitunyime kimoja kwa sababu ya kingine. Amin.

Wallahu a'lam.